Kilo za Papa kwenye Mizani ya Viazi

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye ukumbi wa ngumi pale Nengo, na kabla sijaona glovu wala kamba, pua yangu ilikutana na kafuri, ile dawa ya kuchua misuli, imechanganyika na jasho la watu. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Binti aliniita mara mbili. Mimi nilikuwa mtaani kwetu Mbugangari, nina miaka kumi, nimekaa mkekani na Papa, baba yangu, ananionyesha picha.

Papa alikuwa karani wa ofisi. Tulirudi Gisenyi kutoka Goma nikingali mchanga, na kila asubuhi alifunga tai na kwenda kazini kwa miguu. Lakini ujanani mwake, huko ng'ambo ya mpaka, alikuwa bondia wa uzito wa juu. Ushahidi wangu ulikuwa picha moja iliyokatika pembe, na kichupa cha kafuri aliyojipaka magotini. Pichani amevaa kaptula iliyopanda karibu na mbavu, na ana mikono mirefu kuliko ninavyoikumbuka mimi. Nilimsumbua kwa maswali. Alikuwa akikimbia mlimani alfajiri, kisha anapiga makasia na wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani, wale wanaofunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuimba wakirudi. Vyuma alikatazwa kabisa, maana mwalimu wao aliamini vinafunga mabega. Hata maji katikati ya mazoezi yalikuwa marufuku. Aliyekunywa alihesabiwa mvivu.

Sasa jirani yetu mmoja, kijana aliyeitwa Fabrice, naye alikuwa bondia wa uzito wa juu, ila wa siku hizi. Shati la kumfunga shingo halikupatikana soko zima. Alinyanyua vyuma kwa ratiba, alipumzika kwa amri ya mwalimu, mayai yake yalikuwa na idadi, na chupa ya maji hakuiacha hata akienda kusali. Nilimtazama yeye, nikamtazama Papa, na hesabu ikanikataa. Wawili hawa waliitwaje jina moja?

Badala ya kuuliza vizuri, nikajisifu. Nilitangaza darasani kwamba Papa alikuwa mzito sawa na Fabrice. Olivier, aliyekaa dawati la nyuma yangu, alicheka mpaka akakohoa.

"Papa yako? Ule wa tai? Upepo ya ziwa inaweza kumubeba."

Mimi nina hasira za karibu, hadi leo. Nikamjibu kwamba Jumamosi Papa atapimwa sokoni pamoja na Fabrice, mbele ya kila mtu, kwenye mizani ya Mama Solange, muuza viazi. Fabrice alikubali mara moja, kwa kuwa alipenda kupimwa. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo Ijumaa jioni nikamweleza Papa tukiwa mezani.

Mama ndiye aliyejibu. "Hapana. Uyu mutoto anakutafutia haya." Nikaona ananionea.

Papa aliweka kijiko chini. "Bon," akasema. "Ni saa ngapi, Mado?"

Jumamosi, nusu ya darasa langu ilikuja, na wanunuzi wakasogea kuona kuna nini. Fabrice alipanda kwanza. Mama Solange alisogeza kile chuma cha mizani mpaka kilo mia moja na kumi na tano, watu wakapiga makofi. Kisha Papa akavua koti lake, akalikunja, akanipa nilishike. Mama Solange alirudisha chuma, akarudisha tena. Kilisimama kwenye sitini na tatu.

"Hata gunia ya viazi inamushinda," Olivier akasema. Wachache walicheka. Wengine walitazamana, wakaanza kunong'ona. Nilimchukia Papa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeshika koti lake na nilitaka kulitupa.

Fabrice hakucheka. "Papa, siku zile ulikuwaka na kilo ngapi?"

"Wakati yetu," Papa akajibu, bado yuko juu ya mizani, "mwenye alipita themanini na moja aliitwaka muzito. Juu yake hapakuwa tena mulango. Wa themanini na mbili na wa mia na kumi, bote banaingia pamoja."

"Donc we ulikuwa themanini na mbili?"

"Nilikuwa sabini na tisa. Malaria ilinikamata. Na tulikuwa tunacheza na muji ingine, kila uzito inaomba mutu, sisi hatukuwa na muzito mwengine. Ule mwalimu mwenye alitukatazaka maji, siku ile alinipatia bidon nzima ya maji. Nilikunywa mpaka mizani ikakubali."

Fabrice alicheka hadi akashikilia gunia. "Na ulishinda?"

"Alinipiga raundi zote tatu. Tumbo ilikuwa inalia kama ngoma."

Soko zima likacheka, na safari hii pamoja naye. Mimi peke yangu nilinuna. Hakuwahi kuniambia kwamba alishindwa, nami sikuwahi kuuliza. Fabrice aliendelea kumhoji juu ya pumzi na makasia, na wiki iliyofuata alikwenda ziwani na wavuvi, akarudi na malengelenge viganja vyote. Alisema misuli yake haikujua kazi ile.

Nilikuwa mama wa watoto wawili Mama aliponieleza yaliyobaki. Mwezi ule hospitali ilikuwa imegundua kwamba Papa ana ugonjwa wa sukari. Ulikuwa umemla kilo nyingi, na wakati ule mtu akikonda, mtaani walishampa ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa sauti. Ndiyo maana alivaa koti hata juani. Alhamisi, siku moja kabla sijamweleza, daktari alikuwa amempima: sitini na tatu. Mama alimsihi asiende sokoni, naye akamjibu, "Mado ameshatoa neno mbele ya batu. Nisipopanda, ni yeye atabakia pale peke yake."

Papa aliishi miaka sita zaidi. Sikumwomba msamaha, kwa kuwa sikujua kwamba kuna kosa. Naye, katika miaka hiyo yote, hakuniambia hata siku moja kwamba namba ile alikuwa akiijua kabla ya kupanda.