Mstari wa Chaki

Hadi leo nikisikia harufu ya dizeli iliyochanganyika na pumba za mahindi, miguu yangu hukumbuka baridi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipojaribu biashara, na baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori, alileta mashine ya kusaga nyumbani kwetu Maposeni. Injini yake ilikuwa kuukuu na haikuupenda mwezi wa sita. Asubuhi Baba aliizungusha kwa hendeli mpaka shati likalowa, nayo ikakohoa tu. Fundi Komba, rafiki yake tangu ujana, alisema kwenye baridi dizeli huchelewa kuwaka, kwa hiyo pampu ya mafuta lazima iipulize mapema kidogo. Ikifungwa nyuma hata kwa unene wa kucha, mtasaga moshi.

Ijumaa moja Komba aliing'oa pampu akaenda kuisafisha kwake. Kabla ya kuing'oa alichora mstari wa chaki, nusu kwenye pampu, nusu kwenye injini, ili airudishe palepale. Mimi sikumwona akichora. Nilichojua ni kwamba kesho yake Padri angekuja kubariki mashine, na Mama alikuwa amenikabidhi tambara na majivu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Niliisugua injini ile kwa bidii ambayo sijawahi kuirudia.

Jumamosi Komba alirudi na pampu, akainama, akainuka, akainama tena.

"Mstari wangu uko wapi?"

"Unaniuliza mimi?" Baba akajibu. "Labda uliuchora kichwani."

Komba akaifunga pampu kwa kubahatisha. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na madebe yao, na Padri akanyunyiza maji ya baraka. Baba akazungusha hendeli. Injini ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe mzito kiasi kwamba Padri hatukumwona, tukamsikia tu akipiga chafya. Mama mmoja akauliza kwa upole kama unga nao utakuwa mweupe hivyo.

Baba aliona aibu, na aibu yake ilitafuta mtu. "Komba, kusanya spana zako. Kuanzia leo usikanyage hapa."

Komba alianza kuzifunga kwenye gunia, moja moja. Mimi nilikuwa nimekalia kuti kavu. Niliwaza fimbo, kisha nikawaza Jumapili bila Komba mezani kwetu, na hilo likaniuma zaidi.

"Baba, mstari niliufuta mimi. Nilidhani ni uchafu."

Padri ndiye aliyeanza kucheka. Baba alinitazama, akatazama injini inayong'aa, akashindwa kupata kosa la kunichapia. Alimfuata Komba, akaliteremsha gunia begani mwake. Komba akalegeza nati, akaisogeza pampu mbele kidogo, Baba akazungusha, akaisogeza tena, mpaka injini ikashika na foleni nzima ikapiga vigelegele. Baba akaleta tindo, akachonga alama kwenye chuma badala ya chaki.

Siku hizi unga unasagwa kwa umeme. Unabonyeza kitufe tu, na hakuna anayemhitaji rafiki ili mashine iwake. Mwaka jana, baada ya misa ya kumkumbuka Baba, niliingia kwenye banda la mashine na tambara nikaanza kuifuta injini yake. Mzee Komba alisimama mlangoni na mkongojo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sugua unavyotaka. Hiyo haifutiki."