Saa Moja Oldeani

Shemeji yangu Germana ni mbishi, nalisema wazi na yeye mwenyewe analijua. Ni mjane wa kaka yangu Julius. Ana ekari mbili za kahawa na maharage hapa Oldeani, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda gari langu bila kunigombeza kwamba nakimbiza. Mtoto wake ni mmoja tu, Penina, anayefua na kupiga pasi mashuka kwenye meli kubwa ya watalii.

Kaka alipofariki, meli ilikuwa huko mbali, sijui bahari gani. Tukazika bila Penina. Tangu siku hiyo shemeji ana neno moja: mtoto lazima aje aweke udongo kwenye kaburi la baba yake. Miaka miwili, neno hilohilo, kanisani, shambani, kwenye misiba ya watu. Mimi nilishachoka kulisikia, Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu Penina akapiga simu. Meli yao itatia nanga Unguja siku moja, asubuhi mpaka usiku, na yeye kapewa ruhusa siku hiyo. Ndege ndogo ya asubuhi inatua uwanja wa Manyara saa nne na nusu, ya kurudi inaruka saa nane na nusu. Mkubwa wake alimpa nafasi ya kusindikiza kundi la wageni wa meli wanaokuja kuona kreta. Kundi likichelewa, meli inalisubiri. Lakini kundi haliji Oldeani, na ukiwa nalo huruhusiwi kuchomoka. Akasema hapana, anakuja kivyake kwa nauli yake. Anayetembea kivyake akichelewa, meli inaondoka, na kazi imeishia hapo.

Mimi ni dereva wa watalii, barabara hizi nazijua kuliko sala. Kutoka uwanjani, kupita Karatu, mpaka kwa shemeji ni saa moja na nusu, tena barabara ikiwa na huruma, na kurudi ni vilevile. Inabaki saa moja. Nikamwambia shemeji nimpeleke uwanjani, wakae pamoja saa nne nzima, kaburi tutalipanga siku nyingine. Ng'o! Mtoto ambaye hakuzika hapokelewi barabarani kama mzigo, anaingia kwanza nyumbani kwao. Nilibishana, nikaudhika, nikanywa chai yake nikaondoka. Ningembeba kwa nguvu, lakini ni nani anayembeba mjane wa kaka yake?

Siku yenyewe jua liliwaka vizuri. Penina alishuka na mkoba mmoja, amenenepa kidogo, akanishika mikono yote miwili na kuniamkia. Baada ya hapo hatukuongea sana, kila mmoja anaangalia saa. Karatu tulipita bila hata kununua maji ya kunywa.

Nyumba ya shemeji, na kaburi la kaka pembeni yake, iko ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba ukifika ukingoni unaona bati. Huku chini halikuanguka tone, ila asubuhi ile mvua ilimwagika juu msituni, na maji yake ndiyo yalikuwa yanashuka sasa, mekundu, na magogo ndani yake. Niliingiza mti kupima kina, ukanitoka mkononi. Nilitukana mbele ya mtoto, sikujizuia.

Ng'ambo akatokea shemeji, amevaa kitenge chake cha kanisani. Hatua kama thelathini tu kutoka kwetu. Waliitana kwa Kiiraqw chetu, maji yakameza sauti. Ndipo Penina akampigia simu, wakasimama wanaangaliana, kila mmoja na simu yake. Ya Penina ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote.

Maji ya namna ile huchukua saa tatu, nne, kupungua. Sisi tulikuwa na dakika arobaini. Nilipanda ukingoni, nikashuka, natafuta pa kuvuka, mtu mzima nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na huku najua hakuna. La kuvunda halina ubani. Nikarudi nikasimama.

Penina alikuwa analia. "Mama, nabaki. Meli na iende."

"Usiniletee," shemeji akasema. "Kazi hiyo utaipata wapi tena? Baba yako yuko palepale, haondoki. Panda gari uwahi."

Akatupungia mkono twende, ule wa kufukuzia kuku mahindi yakiwa yameanikwa. Nilimkasirikia kwa ubishi wake na hapohapo nikamwonea huruma.

Saa saba kamili nikafungua mlango wa gari. Penina hakuingia. Alifuta pua kwa kiganja, akauliza polepole, "Na wewe, mama? Wewe nitakukuta?"

Kwenye simu nilisikia maji tu. Hatimaye Penina akapanda. Nilipogeuza gari shemeji alikuwa bado ameishika simu sikioni.