Sukari ya Pasemata

Tangu mumewe azikwe na wanawe watatu wahamie Auckland, Pasemata hakuweza kujizoesha kupikia mtu mmoja. Alipika sufuria ileile ya magimbi, akafungua nyama ya bati iliyotumwa na wanawe, akala yote peke yake. Kisha usingizi ulimchukua palepale juu ya mkeka aliokuwa akiusuka.

Ngozi ya shingo ilipoanza kuwa nyeusi kama masizi, alikwenda zahanati ya kijiji chao, huko Vava'u, visiwani Tonga. Nesi Heilala, binti wa kaka yake, alimtoboa kidole kabla hajatia kitu kinywani.

"Sita nukta nane, shangazi. Kisukari bado, ila kiko mlangoni."

"Basi nidunge insulini kama wenzangu."

"Unayo, tena nyingi kunishinda mimi. Kazi yake ni kuiambia misuli ipokee sukari ya damu. Misuli yako imekuwa mizito ya kusikia, kwa hiyo kongosho linazidi kumwaga insulini tu. Siku likichoka, sukari itapanda bila wa kuizuia."

"Nifanyeje?"

"Tembea. Misuli ikifanya kazi husikia tena. Na punguza magimbi, mkate na soda."

Jumapili, kwenye karamu ya kanisa, alichukua samaki na mboga tu. Jirani yake Losaline akaitazama sahani yake.

"Leo chakula chetu kinanuka? Au unatafuta mume?"

Wanawake wakacheka. Pasemata naye akacheka, lakini Jumapili iliyofuata alikula nyumbani.

Kila alasiri alitembea hadi gatini na kurudi. Mbwa walimbwekea wiki ya kwanza, kisha wakamzoea. Baada ya miezi minne kipimo kikasoma tano nukta tano, kiwango cha kawaida. Akampigia simu mwanawe Kelepi.

"Vizuri, mama. Niko kazini. Sanduku la nyama limeshapanda meli."

"Nyama sitaki tena, mwanangu. Njooni ninyi."

"Mwaka ujao, Mungu akipenda."

Sanduku lilipofika, alimpelekea Losaline.

"Na wewe je?"

"Mimi natembea siku hizi."

"Kesho nipitie, twende wote."

Kesho yake Pasemata alimpitia. Losaline alikuwa amelala fofofo baada ya chakula, mdomo wazi. Pasemata alisimama kizingitini kitambo, akimsikiliza akikoroma. Hakumwamsha. Alishika njia ya gatini.