Picha ya Mwenye Gunia

Watu wa Nakuru walimchosha Khaemba. Alikuja kutoka kwao Kimilili mwaka wa hamsini na tatu na kamera yake kuukuu, mji haujui, mtu hamjui, na kila alipoiinua barabarani, aliyekuwa akitembea vizuri na kucheka vizuri alisimama wima kama nguzo ya simu, mikono ubavuni, pumzi ameibana. Ukipigwa picha unasimama, ndivyo walivyojua, basi! Sasa utapiga picha gani ya maana katika mji wa namna hiyo?

Kwa hiyo akabuni mbinu. Alisimama mahali pamoja karibu na soko, jua mgongoni, mpaka watu wakamzoea wakamsahau. Kamera aliishika chini kifuani, macho akayapeleka kwingine. Ndivyo alivyompata bwana mmoja mwenye gunia la viazi begani, akicheka meno yote nje. Jina lake hakulijua. Picha aliitundika kwenye ubao wake wa maonyesho hapo sokoni, na kusema kweli alijivuna nayo kupita kiasi.

Siku moja bwana mwenye koti la kijivu alisimama mbele ya ubao, akaisifu, akamuuliza Khaemba aliipataje. Fundi, maskini, sifa zikamlevya. Akamwaga yote: yule mtu hupita hapa kila Jumamosi asubuhi, simama pale kwenye kona, jua liwe nyuma yako, yeye limpige machoni, usimtazame, ngoja akaribie mwenyewe. Bwana akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi bwana wa koti alikuwa pale konani, jua mgongoni, akitazama kwingine. Khaemba alifurahi kumwona mwanafunzi wake. Lakini Chepngeno, mama wa Kuresoi aliyeuza maziwa kando yake, alimnong'oneza kwamba huyo ni polisi, ndiye aliyekuja mashambani na lori kuwazoa Wakikuyu, wazee kwa watoto.

Siku hizo za hali ya hatari, Mkikuyu aliyeshikwa mjini bila pasi ya serikali alipelekwa kizuizini, na kurudi kwake ilikuwa bahati. Na mwenye gunia, Mkikuyu kwa lafudhi yake, ndiye huyo, ameshatokea, anacheka vilevile.

Afanye nini? Apige kelele, naye atapakiwa kwenye lori hilohilo. Amkimbilie, polisi atamwona. Amwite, kwa jina gani? Khaemba alijiona ameutega mtego huu kwa mkono wake mwenyewe, na aliumia. Alichobaki nacho ni kamera tu. Basi ataiinua waziwazi, usoni kabisa. Mtu anayejificha akiona kamera atafunika uso, arudi alikotoka. Akapiga hatua mbele, akaiinua.

Mwenye gunia akaiona. Akatua gunia lake chini. Akanyoosha shati, akafunga kifungo cha shingoni, akasimama wima, mikono ubavuni, kicheko kimezimika.

Khaemba alimkonyeza, akatikisa kichwa, akampungia mkono aende, aende zake. Yule akadhani anaambiwa asogee nyuma kidogo aingie vizuri kwenye picha. Akasogea nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea konani.

Mkono ukamshika bega kutoka nyuma. Sauti ikauliza kama yeye ndiye Kang'ethe wa Molo.

"Ngoja kidogo, bwana," akajibu bila kugeuza shingo, asije akaharibu. "Napigwa picha."