Fungua Tena, Nasi Tujaribu

Basi letu lilizima juzi karibu na Gilgil. Wanafunzi wa shule ya ufundi, waliokuwa wakienda kuanza kazi katika karakana ya garimoshi Nakuru, wakavua mashati meupe, wakaruka nje. Mmoja akafungua paipu ya petroli, akaipuliza, uchafu ukatoka, injini ikanguruma.

Wenzake wakanuna. “Dereva, fungua tena! Sisi kazi hii tumeiona ubaoni tu, darasani.”

Dereva akashika kichwa. “Niharibu gari zima?”

Mama mwenye magunia ya kabichi akapaza sauti: “Fungua, baba! Kesho likizima na huyu fundi hayumo, nani atanifikisha sokoni?”

Dereva akakubali, wanafunzi wakaifungua na kuipuliza wote kwa zamu, nasi tukishangilia kila mngurumo. Nakuru tulikuta soko limefungwa. Mama akashuka na kabichi zake zote, bado anawapigia vigelegele. Basi bovu limenichelewesha mara nyingi. Kucheleweshwa na basi zima ndiyo mara ya kwanza, na niko tayari kurudia.