Walichokiita Adabu

Tangu utotoni nimesifiwa kwa jambo ambalo sikulikusudia. Vichochoro vya mji wetu wa Pate ni vyembamba, watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujibanza ukutani, na aliyejibanza siku zote nilikuwa mimi, macho chini, nikiitikia salamu kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Kina mama wakipita mlangoni kwetu walimwambia mama, "Mwanao ana adabu." Mama alijibu "Alhamdulillahi," na jioni hiyo chai yangu ilizidishwa maziwa.

Sikuwashinda wenzangu kwa adabu. Uso wa mtu ulikuwa kama jua la mchana kwangu, sikuweza kuukabili, basi nikautazama mchanga. Lakini sikujua kwamba hilo ni jambo la kuelezwa, na hakuna aliyeniuliza.

Shule niliishia darasa la nane. Kazi yangu ni kushona kofia, zile za matundu madogo yanayozungushiwa uzi, tundu baada ya tundu, mpaka maua yatokee. Mtu hukaa na kofia moja majuma mengi. Niliipenda kazi hii kwa sababu haina mazungumzo. Redio ilikuwa pembeni yangu, ikisema bila kutaka jibu.

Ni redio hiyo iliyoniletea habari. Mchana mmoja kulikuwa na kipindi juu ya usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu aone taabu kuchangamana na watu. Nilidhani ni mambo ya watoto wadogo, nikaendelea kushona. Kisha akazungumza bwana mmoja mtu mzima, mwenye mke na watoto. Alisema watu wengi wakizungumza pamoja yeye hamsikii hata mmoja. Alisema hujipangia maneno ya salamu kabla ya kutoka nyumbani, na akiulizwa jingine yote humpotea. Nilisimamisha sindano. Nilihisi kama mtu amechungulia dirishani kwangu akawa anawaambia watu alichokiona. Mwishoni mtangazaji akasema yako maswali ambayo mtu mzima anaweza kujiuliza mwenyewe, kwenye simu, ajue kama ana dalili.

Wakati huo nilikuwa nimeshaposewa. Msichana alikuwa wa mtaa wa pili. Mama yake aliniona siku nilipompelekea mumewe kofia. Nilisimama mlangoni, nikamnyooshea mama huyo, nikatazama kizingiti mpaka akaipokea. Walipokutana na mama matangani alimwambia, "Kijana wako hata kivuli changu hakukitazama. Mtu kama huyo ndiye ninayemtaka kwa mwanangu." Mama alirudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa.

Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilimwomba dada yangu mkubwa, aliyemaliza sekondari, anisomee. Tulikaa uani, yeye akichambua mchele huku simu imeegemezwa kwenye kinu. Mwanzo alifanya mzaha. Palipoulizwa kama naona taabu kujua zamu yangu ya kusema kwenye simu, alisema, "Simu gani? Wewe hata nyumba ikiungua hupigi." Palipoulizwa kama nakasirika mambo ya kila siku yakibadilishwa, hakunisubiri. Alikumbuka siku alipohamisha mkeka wangu kwenda chumba kingine nami nikakataa kula. Akabonyeza ndiyo.

Tukafika kwenye swali la macho. Je, unapata taabu kumtazama mtu machoni mnapozungumza?

"Hili limekosewa," dada akasema. "Hapa nani aliyefunzwa kumkodolea macho mkubwa wake? Tuliruke."

Halikurukika. Simu ilikataa kuendelea bila jibu. Dada akataka kubonyeza hapana, kwa sababu adabu si dalili ya kitu. Nikamzuia mkono.

"Dada," nikamwambia, "hata wewe siwezi kukutazama. Na wewe si mgeni."

Aliacha mchele. Nafikiri alikuwa akitafuta siku hata moja niliyomtazama. Kisha akabonyeza ndiyo, na maswali yaliyobaki aliyasoma polepole, bila mzaha.

Majibu yalisema nina dalili nyingi. Yalisema pia kwamba maswali hayo si hukumu ya daktari, na kwamba mwenye kutaka uhakika aende kwa mtaalamu. Dada aliuliza zahanati. Akaambiwa kwa mtu mzima kama mimi hapa hapana, labda Mombasa, na huko nako aulize kwanza. Mombasa sijafika mpaka leo.

Usonji wenyewe haukunitia hofu. Nilikuwa nimeishi nao. Lililonikaa kifuani lilikuwa la msichana. Alikuwa amechaguliwa kijana wa adabu, na mimi sasa nilijua kwamba kile walichokiita adabu kingeingia naye chumbani na kukaa naye maisha yote. Mume mwenye adabu mbele za watu huinua macho akiwa na mkewe. Mimi nisingeinua.

Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndwele gani hiyo isiyokuwa na homa?" akasema. "Mwanangu, wewe una haya tu. Baba yako alikuwa hivyo hivyo."

Kisha akaanza kukumbuka. Kwamba nilipokuwa mdogo nilipanga makombe ya baharini kwa mstari ukumbini, na mtu akisogeza moja nalia mpaka magharibi. Kwamba kila Idi nilijificha mvunguni mpaka wageni waondoke, na mara moja alinisahau huko. Alisimulia akicheka. Katikati ya kicheko akanitazama kama mtu anayehesabu upya kitu alichokwisha kukihesabu.

"Usimwambie mtu yambo hili," akasema. "Posa imeshakubaliwa."

Nilimwambia msichana. Tulikuwa tumeruhusiwa kuandikiana kwenye simu, salamu na habari za nyumbani. Mimi huandika polepole. Maelezo hayo yalinichukua kutoka alasiri hadi jua kuchwa, nikifuta na kuanza upya. Nilimwambia habari za redio, maswali, dada, na kwamba sikumtazama mama yake kwa sababu nilishindwa, si kwa sababu ya heshima, ingawa heshima ninayo.

Alijibu mara moja. "Nashukuru umeniambia. Sasa nikuulize moja tu. Nikiwa na jambo, nikikuuliza, utazungumza nami?"

Mwingine angesema ndiyo, mambo yakaisha. Nami nilitaka kusema ndiyo. Lakini ndiyo peke yake isingekuwa kweli, na hapana isingekuwa kweli pia. Nikaandika, nikafuta. Nikalala, nikaamka, nikaandika tena. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba maneno yangu huja yamechelewa, lakini huja. Siku zikapita nikiwa bado natafuta, na kwake kimya hicho kilikuwa jibu. Sasa naliona hilo. Wakati ule nilidhani ananingojea.

Mama yake akaja nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Alikaa na mama ndani, wakazungumza kwa sauti ya chini. Alisema msichana ameona hayuko tayari kuolewa, na Mungu atamletea kila mtu fungu lake. Neno usonji hakulitaja. Msichana alikuwa amenihifadhi. Alipotoka alinipita mlangoni nilipokuwa nashona, akanisalimu kwa upole, nami nikaitikia nikitazama viatu vyake.

Jioni ile jibu likanijia lote, kwa mpango. Nikampelekea. "Utaniuliza, nami nitakujibu, lakini si siku ile ile. Ukikaa karibu yangu bila kuniharakisha, nitasema."

Akajibu, "Nimekusoma. Mungu akujaalie mwenye kungoja."

Hakuandika tena. Mwaka uliofuata aliolewa huko mjini Amu. Kofia niliyokuwa nikijishonea ya harusi iko ndani ya mfuko, upande mmoja una maua na mwingine una alama za penseli tu. Nashona za watu wengine.

Kina mama bado wanapita. Juzi mmoja alisimama akamwambia mama kwamba vijana wa siku hizi hawana haya, isipokuwa huyu wako, macho yake hayatoki chini. Niliisubiri Alhamdulillahi. Mama aliinuka akasema chungu kinaungua, akaingia ndani. Jikoni hapakuwa na moto.