Mama, Njoo Kabla ya Idd

Kadi za posta, zile zisizotiwa bahasha, zilikuwa zikiuzwa kwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, na zote zilikuwa za Wajerumani. Ya Idd haikuwepo hata moja. Kulikuwa na picha za milima, picha za makanisa, na picha za nyumba za Ulaya zilizofunikwa kitu cheupe toka mapaani hadi chini. Siku chache kabla ya Idd el-Hajj mume wangu aliniletea moja ya hizo zenye weupe. Nikamuuliza, weupe huu ni nini? Akasema ni pamba. Yeye aliambiwa na mwenzake wa kazini, na mwenzake aliambiwa na nani sijui. Basi pamba ikawa pamba.

Mimi nilikuwa mgeni Dodoma. Nililetwa na reli kama mzigo. Mume wangu alikuwa seremala wa mabehewa, na reli ilipofika huko tukashushwa, tukapewa chumba kimoja katika safu ya vibanda vya mabati kando ya njia. Wakati huo Dodoma ilikuwa boma, stesheni, maduka mawili matatu, na upepo. Upepo ule nautukana mpaka leo. Ukipika unakula mchanga, ukifua unaanua nguo chafu kuliko ulivyozianika. Kwetu Pangani sikuwahi kugombana na upepo, lakini huko niligombana nao kila siku, na kila siku ulinishinda.

Kadi ile ya kwanza niliiandika kwa raha, nisiseme uongo. Niliiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni nikiwa mtoto, na anwani akaiandika mume wangu kwa herufi za Kizungu, maana yeye alipita shule ya serikali. Tabu ni kwamba kadi ni ndogo na watu wetu ni wengi. Ukimsalimu shangazi ukamwacha mke wa ami, umejinunulia ugomvi wa mwaka mzima. Nikawasalimu wote mpaka nikapindisha mstari pembeni. Pa kumwambia mama neno langu mwenyewe palibaki padogo sana, nikaandika kwamba namkumbuka kila nikisikia mtu anatwanga. Nilipomaliza nililia kidogo, kisha nikajicheka.

Jibu likaja kwa mkono wa mjomba, ndugu yake mama. Mama hakujua kusoma, na mjomba ndiye aliyekuwa akitusomea na kutuandikia sote nyumbani. Wote wazima, wote wananisalimu, na je, pamba hiyo inavunwa lini, na kwa nini wenyewe wanaiacha juu ya mapaa? Nusu ya kadi ilikuwa pamba. Nilicheka mpaka jirani akachungulia mlangoni kuona nimepatwa na nini.

Baada ya hapo nikapata mimba, na kicheko kikapungua.

Kwetu mimba ya kwanza mtu hazai peke yake. Ama mwana anarudi kwa mama yake, ama mama anamfuata mwanawe. Mimi kurudi sikuweza. Mwezi wa nne nilitokwa na damu, ikakatika, na mume wangu akaapa kwamba hatanipandisha gari lile linalotikisa watu mpaka meno, kisha na meli tena juu yake. Nikaona ana haki. Kwa hiyo lazima mama aje, na ili aje lazima ajue.

Hapo ndipo niliposhikwa pabaya. Mimba haitangazwi. Macho ya watu ni makali, na mimba changa ya kwanza, tena iliyokwisha kutishia kutoka, unaificha hata kwa jirani. Sasa nikiiandika kwenye kadi, ataisoma karani, ataisoma mchukuzi, na mwisho mjomba ataisoma kwa sauti barazani mbele ya ukoo mzima na wapita njia. Mwanamke wa kwenda pwani nikampa neno mdomoni hakupatikana, na mwanamume humtumi neno kama hilo.

Utaniambia, si ungeandika barua ukaitia bahasha? Ungekuwa mtaani kwetu miaka ile usingeniambia. Waliokwenda kujenga reli walikufa wengi, kwa homa, kwa kuangukiwa, kwa kuhara, na kila aliyekufa karani aliandika barua, akaifunga, akaipeleka kwao. Bahasha kutoka bara ilikuwa na maana moja tu. Wanawake walianza kulia kabla haijafunguliwa. Jirani yetu mmoja alizimia na bahasha mkononi, ikafunguliwa, kumbe mumewe alikuwa anaomba apelekewe viatu. Alipozinduka alimtukana mumewe matusi ambayo siwezi kuyarudia. Na mama yangu moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa yule. Nisingempelekea bahasha hata kwa kulipwa.

Kadi haikumtisha mtu, kwa kuwa kadi ni sikukuu. Nikaamua nipitie humo humo kwenye sikukuu. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, Idd bado iko mbali, lakini juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa nzuri, Idd mubarak mama na nyote. Wa kusalimiwa nikasalimu wachache, waliobaki wagombane wao na Mungu wao. Chini nikaandika hivi: Mama, njoo kabla ya Idd. Usingoje. Nakuomba kwa magoti.

Nilijua watakaosikiliza barazani watasema mwana ana ukiwa, maskini, amemkumbuka mama yake. Lakini mama si watu. Mama angesikia maneno yale akajua. Mpaka leo naamini sikukosea hapo.

Nikangoja. Gari la kutoka pwani lilipolia nilijitanda, nikaenda kusimama pembeni mwa stesheni, nikatazama watu wanavyoteremka. Waliteremka askari, wakateremka Wagiriki, wakateremka Wahindi na masanduku yao, wakateremka mbuzi. Mume wangu alikuwa akiniona toka kwenye karakana yake, na alikuwa na adabu ya kutoniuliza kitu. Shaabani ilipoingia nikaandika kadi ya pili, Idd mubarak juu, njoo chini, nikaitia posta. Jibu halikuja, mtu hakuja.

Nilimkasirikia mama. Nalisema wazi kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nikichambua mchicha naongea peke yangu, ana nini huko kinachomshinda kuja, kuku wake? Mnazi wake mmoja? Kisha nikaogopa kwamba anaumwa. Kisha nikaogopa kwamba amekufa na wananificha. Na hakuna hata kimoja nilichoweza kukifanya, ila kutembea mpaka stesheni na kurudi, na tumbo linazidi kwenda mbele.

Uchungu ulinishika Ramadhani, kumi la kati, kabla ya siku zangu. Jirani yangu wa upande wa pili wa njia alikuwa mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa akituuzia kuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kigogo changu kilikuwa salamu ya "mbukwa" asubuhi na basi. Mume wangu alimkimbilia yeye. Alikuja, akafukuza wanaume, akaninyanyua, akanishika kwa nyuma kwa mikono yenye nguvu, na alikuwa akiniambia maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja. Alinifanyia wema ambao mtu wangu wa damu angenifanyia. Ila nilikuwa nataka mtu wa kuniambia kwa lugha yangu kwamba sifi.

Mtoto alikuwa mwanamume, mdogo sana. Alilia mara moja. Yule mama alimpuliza, akamsugua, akamweka kifuani pangu, na alasiri ilipoingia alikuwa ameshapoa. Mume wangu na wenzake wawili walimzika kabla ya kufuturu. Ardhi ya Dodoma kiangazi ni ngumu, nilisikia sululu kutoka ndani. Sikuwa na nguvu ya kusema polepole jamani.

Idd ikafika. Wake za watu wa reli waliniletea wali na mchuzi, wakakaa nami, nawashukuru.

Mfunguo mosi, mwezi ule ule wa Idd, haujafika katikati, nimekaa mlangoni na upepo wangu, nikamwona mama. Alikuwa anakuja kando ya njia ya reli, anatembea haraka kama mwenye kuchelewa sokoni, na mume wangu nyuma yake amebeba bonge la mzigo. Alimwona stesheni anashuka, akampokea mzigo, akashindwa kumwambia. Alimfikisha mlangoni, akatua mzigo, akaondoka bila kugeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama tumbo, akatazama ndani nyuma yangu. "Yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache, na yeye akasikiliza akiwa amesimama, buibui lake limejaa vumbi.

Alipokaa akanieleza. Kadi zilifika, zote mbili, tena mapema. Mjomba alizipokea mwenyewe. Aliona Idd mubarak juu, akafurahi, akasema mwanetu safari hii ametukumbuka mara mbili, na hakuendelea kusoma. Mjomba alikuwa mtu wa heshima, hasomi kadi ya mtu faraghani kama mdokozi. Na salamu ya Idd, alisema, haisomwi Rajabu, ni sawa na kula daku mchana. Akazitia katika sanduku lake la nguo nzuri, pamoja na joho lake, zingoje siku yake. Siku ya Idd, watu wametoka kuswali, ukoo mzima umekaa barazani, ndipo alipozitoa akasafisha koo.

"Alipofika kwenye 'usingoje' nikainuka," mama alisema. "Wakadhani nimeudhika. Nikaingia ndani kufunga mzigo. Yeye bado anasoma."

Mama alikuwa amejua, kwa neno moja. Nilitafuta mtu wa kumlaumu sikumpata. Mjomba? Aliniwekea kadi zangu pamoja na joho lake. Mimi? Ningeandika nini? Nimelifikiria jambo hili miaka na miaka, kila upande naoujaribu mlango umefungwa, na waliofunga wote walikuwa wakinipenda.

Mama akafungua mzigo. Ulikuwa na mafuta ya ufuta, pilipili manga, tangawizi, udi, na vitambaa vya kumfunga mtoto winda alivyovichana kutoka kanga zake kuukuu, laini, amevikunja vizuri. Akavitazama vile vitambaa, akavirudisha chini kabisa. Kisha akaomba maji ya moto.

"Ya nini, mama?"

"Nikukande. Arobaini yako haijaisha."

"Ya kazi gani? Mtoto hayupo."

"Mtoto hayupo, wewe upo. Lala."

Nikalala. Alinikanda kwa maji ya moto kama anavyokandwa mzazi yeyote, kiuno, mgongo, nyonga, tumbo, bila kuruka mahali, na alikuwa akinigombeza nilegeze mwili. Hakulia, na mimi sikulia, tulikuwa kazini. Alipofika kifuani akakanda polepole, na maziwa yakatoka. Hapo mama akashindwa kuendelea.